Kuvuka Mipaka ya Mazoea

Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, jirani wa hekalu, mbele ya waumini na wageni waalikwa katika sherehe za maadhimisho, Kaliua



Kamati ilipofika nyumbani kwangu kuniomba niseme maneno machache katika siku hii kubwa, nilitaka kukataa. Nilisema kwamba mimi si muumini wa hekalu hili, ni mwalimu mstaafu wa hesabu tu, na kwamba kusema mbele ya watu wa imani nyingine ni jambo nisilolizoea. Mzee mmoja wa kamati akatabasamu, akanijibu, "Mwalimu, tumekuomba uzungumze juu ya kutoka katika mazoea, nawe unataka kubaki katika mazoea yako?" Nikakosa la kusema. Ndiyo sababu nimesimama mbele yenu.

Nianze kwa kukiri kosa. Nimeishi karibu na hekalu hili kwa miaka mingi. Nimesikia kengele yake alfajiri na jioni, na watoto wangu wamekula pipi za Diwali kutoka mikononi mwa akina mama wa hapa. Lakini kwa miaka hiyo yote nilipita langoni bila kuingia. Hakuna aliyenizuia, wala sikuwa na chuki. Niliogopa kukosea: nivue viatu wapi, nisimame wapi, niseme nini. Nikaona ni salama zaidi kupita, kuinua mkono, na kwenda zangu. Baadaye nitawaeleza ni nini kilichoniingiza. Kwanza tutazame mazoea yenyewe ni kitu gani.

Mazoea si adui. Mtu asiye na mazoea hana nyumba, hana ratiba, hana adabu. Mazoea humwamsha mkulima kabla ya jua, na mazoea humfanya mwenye duka afungue mlango saa ileile ili mteja asirudi mikono mitupu. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nao hawakumaanisha kwamba ni mabaya. Walimaanisha kwamba kitu ulichokizoea ni kigumu kukiacha hata pale kinapokuwa hakikufai tena. Taabu huanza pale ukuta uliojengwa ili kutukinga na upepo unapogeuka kuwa ukuta wa kutuzuia tusione mbele.

Sisi wa Kaliua tunaishi katika nchi ya miombo, nchi ya asali, basi tuwaulize nyuki. Mfugaji yeyote wa hapa atawaambia kwamba mzinga ukijaa, nyuki huanza kulea malkia wapya. Kisha, kabla ya malkia mpya kushika nafasi yake, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya kundi. Yuleyule aliyeujenga ukoo huo ndiye anayeondoka, akamwachia binti mzinga, masega na asali. Tena nyuki hao hawaondoki hovyo. Kabla ya kuruka hushiba asali ya safari. Wakitoka hutua kwanza juu ya tawi, wakasubiri, huku wachache wakienda kukagua matundu na kurudi na habari. Hapo ndipo kundi zima huhamia makao mapya. Mzinga mmoja umekuwa miwili, na mfugaji aliyetundika mzinga mtupu mapema hupata faida yake.

Naomba tuuweke mfano huo moyoni, kwa maana una mambo matatu tutakayokutana nayo tena: kuondoka kwa wakati, kuondoka na akiba, na kuondoka pamoja.

Ndugu zangu, ardhi hii tunayoikanyaga ilipitiwa na njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora, hadi Ujiji. Njia ile ilibeba maumivu mengi. Ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watu waliofungwa minyororo, nasi hatuna haki ya kuisifu bila kulikumbuka hilo. Lakini ilibeba pia watu huru waliotembea kwa miguu yao na kwa hiari yao, nao ni wapagazi wa Kinyamwezi. Inasemekana hata jina la Wanyamwezi tulipewa na watu wa pwani, kwa kuwa tulitoka upande wa magharibi, mahali mwezi mwandamo unapoonekana.

Mpagazi wa kawaida alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na juu yake mkeka, chungu na chakula chake. Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani mwezi Juni 1857, walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Wapagazi wetu waliijua njia hiyo kwenda na kurudi. Wageni wa karne ile waliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kamili mpaka awe amebeba mzigo hadi pwani na kuiona bahari. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyezaliwa mahali ambapo bahari ilikuwa hadithi tu, aliambiwa na jamii yake: nenda ukaione, ndipo urudi tuzungumze habari za kuoa.

Lakini hakwenda peke yake, na hakwenda bila utaratibu. Mbele ya msafara alitembea kirangozi aliyejua maji yako wapi na chifu gani anadai hongo kiasi gani. Mzigo ulipimwa kabla ya kuinuliwa. Mvua zilipokaribia, wengi walijitahidi kuwa nyumbani ili walime. Na njiani walijenga utani na makabila mengine, utani ambao mpaka leo humruhusu Mnyamwezi kumtania Mzaramo msibani bila mtu kukasirika. Kwa hiyo ujasiri wa babu zetu ulikuwa na kiongozi, kipimo, msimu na marafiki. Tukiwaambia vijana "thubutuni" bila kuwapa hayo manne, tunawatupa porini tu.

Katika njia hiyohiyo alipita mtu mmoja ambaye ningependa kila mtoto wa Kaliua, awe Mhindu, Mwislamu au Mkristo, alijue jina lake: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India. Alikaa huko miaka mingi. Bwana wake alipofariki akapata uhuru, akarudi Afrika, akawa askari wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta na kumchukua katika safari yao. Speke alikuwa ofisa wa jeshi huko India, na hakujua Kiswahili vya kutosha. Basi Mzungu yule na Myao yule wakaelewana kwa Kihindustani. Tafakarini: safari ya kwenda Tanganyika na Nyanza, katika nchi hii ya Wanyamwezi, iliendeshwa kwa sehemu katika lugha ambayo baadhi yenu mnaizungumza nyumbani.

Bombay hakuishia hapo. Alikwenda na Speke na Grant mwaka 1860 hadi 1863, mpaka kwenye chanzo cha Naili. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley hadi Ujiji, wakalazimika kuzunguka kusini mwa Tabora kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya kawaida. Kisha akaenda na Cameron, aliyelivuka bara zima hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885. Hakuwa malaika, wakuu wa safari waliandika malalamiko juu yake. Lakini wao walirudi kwao kuandika vitabu, na yeye aliinua mguu tena na tena.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Kutekwa utumwani hakukuwa "kutoka katika mazoea". Ulikuwa uovu, na hatumwambii mtu aliyedhulumiwa ashukuru kwa dhuluma. Kuna tofauti kubwa kati ya kusukumwa na kutoka. Tunachojifunza kwa Bombay ni kile alichokifanya baada ya kuwa huru. Lugha aliyoipata katika uchungu aliigeuza kuwa ufunguo wa kazi. Vivyo hivyo majirani zetu wa Ulyankulu, ambao wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Hawakuchagua kuja. Lakini walilima misitu, wakasomesha watoto, na mwaka 2014 zaidi ya watu 150,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kusukumwa hakukuwa hiari yao. Kujenga kulikuwa hiari yao.

Nigeukie sasa wale waliovuka bahari kwa upande wenu. Burton alimkuta Kazeh mfanyabiashara aliyeitwa Musa Mzuri, mzaliwa wa Surat, Mwislamu wa jamaa ya Khoja, ambaye alikuwa amefika Unyamwezi na kaka yake tangu miaka ya 1820. Kabla ya reli, kabla ya Wajerumani, Mhindi alikuwa tayari jirani yetu. Na kule Zanzibar, Wahindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, nyumba ya Jairam Shivji, walishika forodha ya Sultani kwa miongo mingi.

Kwa Wahindu wa zama zile, gharama ya safari haikuwa nauli pekee. Wengi waliamini kwamba kuvuka maji meusi ya bahari kuu kulimtia mtu unajisi na kungeweza kumtoa katika jamii yake. Mwaka 1888 kijana wa miaka 18 kutoka Gujarat, Mohandas Gandhi, alitaka kwenda London kusomea sheria. Wazee wa jamii yake mjini Bombay wakamwita mkutanoni, wakamkataza. Alipokataa kutii, wakamtenga. Alikwenda hata hivyo, lakini alikwenda na kitu mkononi. Alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa pombe, wala nyama, wala mwanamke. Aliacha mazoea ya mahali. Hakuacha nadhiri yake. Huko London, miongoni mwa wageni, nadhiri hiyo ndiyo iliyomtafutia marafiki, kwani kwa kutafuta chakula kisicho na nyama alikutana na watu waliomfundisha kusoma, kuandika na kufikiri upya.

Ajabu ni kwamba Gandhi alikuwa mwoga wa kusema. Ameeleza mwenyewe katika maisha yake jinsi alivyosimama mahakamani Bombay katika kesi yake ya kwanza, kichwa kikamzunguka, asipate hata swali moja la kumuuliza shahidi. Akaketi, akairudisha kazi kwa wakili mwingine. Mwaka 1893 alipanda meli kwenda Afrika Kusini, na meli hiyo ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar. Kwa hiyo pwani yetu ilimwona akiwa wakili kijana aliyeshindwa kazi. Muda mfupi baadaye, usiku mmoja katika stesheni ya Pietermaritzburg, alitupwa nje ya behewa la daraja la kwanza kwa sababu ya rangi yake. Alikaa kwenye baridi akijiuliza kama arudi India au aendelee. Akaendelea. Na huko Pretoria, aliwakusanya Wahindi wenzake na kutoa hotuba ambayo yeye mwenyewe aliiita hotuba ya kwanza ya hadhara katika maisha yake.

Najiuliza, kama mwalimu: ni nini kilichobadilika? Ni mtu yuleyule, ulimi uleule. Bombay alisimama kwa ajili ya jina lake na ada yake, akashindwa. Pretoria alisimama kwa ajili ya watu waliodhalilishwa, akaweza. Nimefundisha miaka mingi, nami nimeona jambo hilohilo darasani. Mwanafunzi anayeogopa kuchekwa hawezi kusimama ubaoni. Mpe kazi ya kumweleza mwenzake aliyebaki nyuma, naye atasahau kuogopa. Hofu hupungua pale jambo linalotuhusu linapokuwa kubwa kuliko sisi wenyewe.

Jirani yangu mmoja wa hekalu hili, mwenye duka, ambaye wote tulimwita Bhai, alinieleza siku moja kisa cha Hanuman. Jeshi lilifika ufukweni, na Sita yuko ng'ambo, Lanka. Kila mmoja akasema anaweza kuruka umbali gani, na hakuna aliyetosha. Hanuman alikaa kimya pembeni, kwa kuwa alikuwa amesahau nguvu zake. Mzee Jambavan ndiye aliyemwendea, akamkumbusha yeye ni nani. Ndipo akainuka, akaivuka bahari. Bhai aliniambia, "Mwalimu, kila kijana anahitaji Jambavan wake." Sikujua siku ile kwamba alikuwa akinisema mimi.

Binti yangu alikuwa amefaulu vizuri masomo ya sayansi. Alitaka kusoma uhandisi, mbali na nyumbani. Mimi nilitaka awe mwalimu kama mimi, apangiwe shule ya karibu, nimwone kila mwisho wa mwezi. Nilimwambia uhandisi si kazi ya msichana wa Kaliua. Nilisema maneno hayo, mimi niliyelipwa mshahara na taifa ili niwaambie watoto wa wenzangu kwamba wanaweza. Binti yangu alinyamaza. Kwa wiki mbili nyumba ilikuwa na baridi.

Nilikwenda dukani kwa Bhai kununua sukari, nikamweleza, nikitarajia aniunge mkono kama mzazi mwenzangu. Akaniambia habari za mama yake. Alivuka bahari akiwa binti mdogo, kuja kuolewa na mtu aliyemwona kwenye picha tu. Alilia melini mpaka machozi yakakauka. Alikuwa amefunga katika ncha ya vazi lake mbegu za tulsi, ule mmea wa jamii ya kivumbasi, akazipanda nyuma ya duka, na kila asubuhi aliumwagilia maji akisali. Alijifunza Kiswahili, na baada yake Kinyamwezi, kwa kuwauliza wanawake waliokuja kununua chumvi. "Yeye hakuulizwa kama anataka kuja," Bhai akasema. "Binti yako anataka kwenda, na wewe unamzuia. Mwalimu, mwache aende. Mpe mbegu tu."

Nilirudi nyumbani, nikamwita binti yangu, nikamwomba radhi. Mzazi wa Kinyamwezi kumwomba radhi mwanawe si jambo dogo, na siku ile ndiyo niliyovuka mpaka wa mazoea kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Leo ni mhandisi wa maji. Amechimbisha visima katika vijiji ambavyo mimi sijawahi kuvifikia.

Miaka ikapita, Bhai akafariki. Jioni ile nilifika tena kwenye lango la hekalu hili, na safari hii sikuweza kupita. Nilivua viatu, nikaingia. Nilikosea mambo mengi. Nilisimama mahali pasipostahili, na kijana mmoja akanishika mkono kwa upole akanionyesha pa kukaa. Hakuna aliyenicheka. Nikatambua kwamba hofu iliyonizuia miaka yote hiyo ilikuwa hofu ya kitu ambacho hakikuwapo. Nikasikitika kwamba nilingoja msiba.

Ndugu waumini na majirani, mtu binafsi huvuka mazoea yake, na jamii nzima pia yaweza kuvuka. Mwezi Januari 1958, hapo Tabora, TANU ilifanya mkutano wake mkuu ikiwa na swali zito. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa masharti yaliyowafungia nje Waafrika wengi. Wengi walitaka kususia, na kususia kulikuwa rahisi na kulifurahisha moyo. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na kufundisha Tabora, na ambaye mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu ili ashike siasa, aliwashawishi wajumbe waingie katika uchaguzi ule. Historia imeuita Uamuzi wa Busara. Wengine walikasirika, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuanzisha chama chake. Lakini TANU iliingia, ikawaunga mkono pia Waasia na Wazungu wenye msimamo mmoja nayo, na ushindi ukawa mkubwa. Desemba 1961 bendera ya uhuru ilipanda.

Uamuzi ule ulidai watu wavuke mazoea kwa pande zote. Mwafrika alitakiwa kumwamini Mwasia kwa kura yake. Na Mwasia alitakiwa kutoka nyuma ya kaunta ya duka aingie katika hatari ya siasa. Amir Jamal alitoka, akachaguliwa mwaka 1958, na baada ya uhuru akawa waziri kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Nyerere aliposhtakiwa kwa kashfa, miongoni mwa mawakili waliomtetea alikuwa Kantilal Jhaveri, mwenye asili ya India, pamoja na Rattansey na Pritt wa London. Kumtetea mshtakiwa yule mbele ya serikali ile hakukuwa na faida ya kibiashara. Walitoka kwa sababu jambo lilikuwa kubwa kuliko wao.

Leo sisi tufanye nini? Sitawapa hotuba ya sokoni ya kwamba kila anayethubutu hutajirika. Si kweli. Kuna waliothubutu wakapotea. Lakini naomba niseme mambo manne kama mzee.

La kwanza, anza na hatua inayopimika, kama mzigo wa mpagazi. Mkulima wa tumbaku anayejua kwamba zao moja linamfunga, na kwamba tanuri la kukaushia linakula miombo yetu, asing'oe shamba lote mwaka mmoja. Atenge ekari moja ya alizeti, atundike mizinga michache, ajifunze. Na ada ya shule ya mtoto isiwe mtaji wa bahati nasibu. Nyuki huondoka wakiwa wameshiba.

La pili, jifunze lugha ya mwenzako. Sisemi lugha ya ulimi peke yake. Mwenye duka ajifunze hesabu za kisasa na biashara ya simu kutoka kwa kijana wake, na kijana ajifunze uaminifu wa mizani kutoka kwa baba yake. Mwishoni mwa 2022 nchi yetu ilisaini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma. Reli ya kwanza ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, waliojiandaa ndio walionufaika. Kaliua, ambayo ndiyo njia panda ya reli ya Mpanda, inajua vizuri maana ya treni kupita na kumwacha mtu stesheni.

La tatu, toka ukiwa na nadhiri yako. Kijana anayekwenda Dar es Salaam, Muscat au Leicester asiache jina lake nyumbani. Tulsi ya yule mama ingali hai katika ua wa hekalu hili, nimeiona leo nilipokuwa nikiingia. Anayejua ametoka wapi haogopi sana anakokwenda.

La nne ni letu sisi wazee. Tumezoea kudhani kwamba kuthubutu ni kazi ya vijana, na kazi yetu ni kulinda mzinga. Lakini nyuki wanatufundisha kinyume. Malkia mzee ndiye anayeondoka, akampa binti mzinga uliojaa. Wapo hapa akina baba wenye maduka, nami nawapenda, ambao vijana wao wana miaka 40 na bado hawajakabidhiwa hata ufunguo wa stoo. Wapo wazee wa Kinyamwezi ambao bado wanamchagulia binti kazi na mume, kama nilivyotaka kufanya mimi. Tuwe akina Jambavan. Tuwakumbushe nguvu zao, kisha tusogee pembeni.

Na kuna mpaka mmoja ambao sote, waumini na majirani, tunaweza kuuvuka leo bila mtaji wowote. Ni lango lile pale. Mliokuja leo kwa mara ya kwanza kwa sababu ya sherehe, msingoje msiba ndipo mrudi. Nanyi waumini, siku majirani wenu watakapokuwa na msiba au harusi, kanisani, msikitini au chini ya mwembe, njooni mkose mahali pa kukaa, nasi tutawashika mkono tuwaonyeshe.

Naishukuru kamati kwa kunilazimisha kusimama hapa. Ninawatakia maadhimisho mema, na hekalu hili liendelee kuwa na lango lililo wazi kwa wanaotoka na wanaoingia.